Betri ya grafini ya dakika kumi: ipime kwanza kwenye mizani

Msomaji wa Githurai ananiuliza hivi: "Habari mwalimu. Nina boda ya umeme, nabeba mitungi ya gesi. Betri yangu imechoka, na duka moja mjini wananiuzia betri ya grafini ya 72V 20Ah, matofali sita yanayounganishwa kwa waya. Muuzaji anasema ni teknolojia ya karatasi yenye unene wa atomu moja, inajaa kwa dakika 10 na inadumu miaka 15. Bei ni karibu mara mbili ya betri za asidi. Niliangalia kibandiko: kila tofali ni kilo 7, na chaja yake ni 72V 3A. Halafu binti yangu anasoma kemia chuoni, yuko mwaka wa tatu, na anataka mradi wake uwe juu ya vitu hivi hivi. Je, ni mambo ya kweli ama ni upepo tu?"

Ndugu yangu, grafini ni ya kweli. Dakika 10 ndizo si za kweli, na hapo huna haja ya kuniamini mimi, maana ushahidi umeuleta mwenyewe. Mimi nikionyeshwa betri huanza kwa kusoma kibandiko cha chaja. Betri ya 20Ah ukiilisha kwa ampea 3 itahitaji saa 6 na dakika 40, na hapo bado hujaongeza muda wa mwishoni ambapo chaja hupunguza mwendo ili isiichemshe betri. Mtu anayekuuzia betri ya dakika 10 pamoja na chaja ya usiku kucha amekujibu tayari.

Haya, tuseme angekupa chaja ya maajabu. Volti 72 mara 20Ah ni wati-saa 1,440, yaani karibu uniti moja na nusu ya stima. Kuzisukuma zote ndani kwa dakika 10 kunataka kilowati 8.6. Soketi ya nyumbani kwako ni ya ampea 13 kwa volti 240, kwa hiyo mwisho wake ni kilowati 3.1. Hata betri ingekuwa tayari kupokea, ukuta hauna cha kutoa: ungesubiri karibu nusu saa, plagi ikiungua vidole. Kilowati 8.6 ni kama kuwasha shawa mbili za maji moto kwa pamoja kwenye waya mmoja. Mwenye ploti angekupigia simu kabla betri haijafika nusu.

Sasa mizani. Matofali sita ya kilo 7 ni kilo 42. Gawanya 1,440 kwa 42, unapata wati-saa 34 kwa kila kilo. Namba hiyo naijua kama ninavyojua sauti ya jirani: ni betri ya risasi na asidi. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, ambayo ndiyo boda nyingi za umeme hutembea nayo, hubeba wati-saa 100 na kitu kwa kilo hata ukihesabu sanduku lake, na ya kwako ingekuwa na uzito wa kilo 12 hadi 15. Kwa hiyo unachouziwa ni betri ya risasi iliyotiwa kaboni kidogo kwenye sahani ya hasi. Simwiti huyo muuzaji mwizi. Kaboni ile ina kazi yake: inazuia fuwele za salfeti zisigande kwenye sahani, na betri inaweza kudumu zaidi ya dada zake. Lakini risasi ukiimaliza kila siku, hesabu mizunguko mia kadhaa, ya lithiamu na chuma hesabu 2,000 kwenda juu. Miaka 15 ya kubeba mitungi ya gesi haimo humo. Kwa bei hiyo mara mbili, uliza ya lithiamu yenye bodi ya kulinda seli, au nenda kwa wanaobadilisha betri vituoni ili uzee wa betri uwe shida yao.

Hapo nimemaliza la betri. Swali la binti ndilo lenye nyama.

Mwambie achukue penseli na kipande cha selotepu. Akichora mstari mzito kwenye karatasi, kile cheusi ni grafiti, na grafiti ni rundo la karatasi za kaboni zilizolaliana, kila moja ikiwa na unene wa atomu moja. Kati ya karatasi moja na nyingine kuna nanomita 0.335, kwa hiyo unene wa milimita moja una karatasi karibu milioni tatu. Atomu zimeshikana kwa nguvu ndani ya karatasi, lakini karatasi na jirani yake hushikana kwa ulegevu, ndiyo sababu penseli huandika. Andre Geim na Konstantin Novoselov, kule Manchester, walibandua grafiti kwa selotepu tena na tena hadi wakabaki na karatasi moja tu. Hiyo ndiyo grafini. Walitangaza mwaka 2004, na Nobeli ya fizikia ikawafuata mwaka 2010.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi, pengine kwa kutolijua, ni kwamba betri ya simu yako imejaa karatasi hizo tayari. Unapochaji, ioni za lithiamu (atomu zenye chaji ya umeme) hutoka upande wa chanya, huogelea kwenye elektroliti, yaani ule umajimaji ulio kati ya pande mbili, kisha hujipenyeza kati ya karatasi za grafiti na kutulia humo, lithiamu moja kwa kila kaboni sita. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kwenye grafiti kwa njia ya umeme ni Mwafrika, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez nchini Moroko, akifanya kazi Grenoble. Upande wa chanya nao ulianza na matabaka: Stanley Whittingham alitumia salfaidi ya titani miaka ya 1970, na John Goodenough akaja na oksidi ya kobalti mwaka 1980. Kwa hiyo wazo la matabaka lina umri wa kunizidi. Kipya ni kuyabandua.

Na kwa nini mtu ayabandue? Kwa sababu ya mwendo. Muda ambao ioni inachukua kupenya ndani ya punje hukua kwa mraba wa umbali. Punje ya grafiti ina upana wa maikromita 10 hivi. Ukiifanya nyembamba mara 100, muda unapungua mara 10,000. Hapo ndipo "dakika 10" ilipozaliwa, na kwenye kipimo cha punje moja si uongo. Isitoshe, karatasi iliyo peke yake ina pande mbili za kupokea lithiamu. Grafiti hubeba 372 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji) kwa gramu. Kwenye makaratasi, grafini ikipokea pande zote mbili ingebeba 744. Ukiona namba hiyo kwenye tangazo, kumbuka imetoka kwenye hesabu, haikutoka kwenye boda ya mtu.

Shida inaanza jikoni. Unajua ukoko wa ugali. Mara ya kwanza betri inapochajiwa, elektroliti iliyogusa elektrodi ya hasi, yaani ule upande wa hasi wenye grafiti, huvunjika na kuacha utando mwembamba juu yake, na utando huo hula lithiamu ambayo haitarudi tena. Utando wenyewe ni wa lazima. Bila huo, elektroliti ingeendelea kuharibika kila siku. Lakini pika unga ule ule kwenye sufuria nyembamba, kisha upike kwenye karai pana, uone ni wapi ukoko umekula zaidi. Gramu moja ya grafini, kwa hesabu, ina eneo la mita mraba 2,630. Huo ni uwanja, si karai. Grafiti nzuri hupoteza kama asilimia 5 hadi 10 mara hiyo ya kwanza. Poda za grafini mara nyingi hupoteza nusu au zaidi. Na lithiamu ya betri yote ilipimwa kiwandani, imo upande wa chanya, hakuna ya akiba. Ukoko ukila nusu, familia inalala njaa maisha yote ya hiyo betri.

Utauliza, basi mbona makala za utafiti zinaonyesha mizunguko maelfu bila shida? Kwa sababu katika maabara tunapojaribu elektrodi mpya, kwa kawaida tunaiweka mbele ya bamba la lithiamu tupu, lenye lithiamu nyingi kuliko inavyohitajika mara kumi, mara ishirini. Huko unga haukwishi. Ukoko unakula, bamba linajaza, na grafu inatoka imenyooka kama reli. Mimi mwenyewe nimechora grafu kama hizo na nikapongezwa. Ukiiweka elektrodi ile ile mbele ya upande wa chanya wa kawaida, wenye lithiamu ya kupimwa, siku ya pili unaona aibu.

Kuna na suala la volti, ambalo watu hulisahau kabisa. Fikiria tenki la maji juu ya paa la ploti. Nguvu ya maji kwenye mfereji wako inategemea tenki liko juu kiasi gani na mfereji uko chini kiasi gani. Volti ya betri ni hivyo hivyo, ni tofauti kati ya pande mbili. Grafiti ni mfereji ulio chini kabisa: hutoa lithiamu yake karibu na volti 0.1 au 0.2 juu ya lithiamu tupu. Ndiyo maana seli ya chuma na fosfeti hutoa volti 3.2. Grafini iliyobanduliwa haina kituo kimoja. Hupanda polepole kama mtu anayepanda ngazi, wastani wake ukipita volti moja. Ukiiweka mahali pa grafiti, umepandisha mfereji hadi ghorofa ya pili. Maji yapo, lakini yanatiririka kwa uvivu, na ile hesabu ya 744 imeliwa hapo hapo.

Na hata ukiibandua, haikai imebanduka. Mafundi wa mabati wanajua: mabati mawili mapya yakilaliana na umande katikati, kuyatenganisha ni kazi ya watu wawili. Karatasi za grafini zikikauka hulaliana tena na kuwa grafiti mbovu. Ukizizuia zisilaliane, unapata poda nyepesi kama pamba ambayo haijazi sanduku. Nafasi chini ya kiti cha boda yako haiongezeki. Gunia la pamba na gunia la mahindi yana ukubwa mmoja, lakini moja ndilo linalolisha watu. Halafu ukipaka elektrodi nene, karatasi hulala chali kama mabati ya paa, na ioni inalazimika kuzunguka ukingo wa kila bati ili ifike chini. Ule mwendo tulioufuata umepotelea njiani.

Zipo karatasi nyingine zisizo za kaboni. Moja utaikuta gereji: ile grisi nyeusi ya viungo vya ekseli ya mbele ina salfaidi ya molibdenamu, na inateleza kwa sababu ile ile ya penseli, matabaka yake yana mshikamano legevu. Nafasi kati ya matabaka ni nanomita 0.615, karibu mara mbili ya grafiti, na hesabu yake ni 670 mAh kwa gramu. Katika miaka ya 1980 kampuni moja ya Kanada iliuza betri zake, upande wa pili ukiwa lithiamu tupu. Lithiamu ilipokuwa ikirudi haikulala sawasawa, ilichomoza miiba, betri zikawaka moto, na mwaka 1989 zikarudishwa kiwandani. Pigo hilo lilichangia kuwasukuma watu waiache lithiamu tupu na kushika kaboni, na mwaka 1991 Sony wakatoa betri ya lithiamu-ioni sokoni.

Nyingine ni maksini. Zilitoka chuo kikuu cha Drexel, Philadelphia, mwaka 2011, mikononi mwa Michael Naguib, Yury Gogotsi, Michel Barsoum na wenzao. Wanachukua kauri yenye titani, alumini na kaboni, wanaiyeyusha alumini kwa asidi ya floridi, na kinachobaki ni karatasi za titani na kaboni zinazopitisha umeme vizuri ajabu. Binti yako akiambiwa atengeneze mwenyewe, aulize kwanza asidi hiyo inashikwaje. Hupenya ngozi na kutafuta kalsiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa kufika. Mimi siwezi kumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa tatu aiguse bila mtu mzoefu pembeni na jeli ya kalsiamu mezani.

Nitakusimulia kisa kimoja cha maksini. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi tulikuwa na chupa ya karatasi hizo ndani ya maji, nyeusi ya kung'aa, ukiitikisa unaona kama hariri inajikunja. Ilikuwa kazi ya wiki mbili. Ikaja likizo, mtu akaiacha kwenye rafu, kifuniko hakikukaza. Tuliporudi chupa ilikuwa na maji ya kijivu, na chini limetuama vumbi jeupe. Maji na oksijeni vilikuwa vimeila titani yote na kuigeuza oksidi, ile ile inayotiwa kwenye rangi nyeupe ya ukuta. Mkubwa wetu aliitazama, akasema sasa tunaweza kupaka choo. Nikisikia mtu akisema maksini zitakuwa kwenye gari mwaka ujao, naikumbuka ile chupa.

Fosforasi nyeusi, ambayo nayo hubanduka, ina namba ya kutisha, 2,596 mAh kwa gramu, lakini huvimba hadi karibu mara nne ya ukubwa wake na hewa huiharibu. Sitakaa hapo.

Basi vitu hivi vina kazi gani? Mimi naviona kama chumvi kwenye chakula, wakati grafiti inabaki kuwa unga. Grafini kidogo, asilimia moja au pungufu, ikichanganywa kwenye elektrodi inaunganisha punje kwa punje ili umeme upite. Silikoni, ambayo hubeba takriban 3,600 mAh kwa gramu lakini huvimba na kupasuka, inafungwa kwa karatasi hizi ili vipande visipoteane. Kazi hizo zinaanza kuingia viwandani kimyakimya, bila tangazo. Betri nzima ya grafini sijapata kuishika, na mimi hushika betri kila siku.

Mahali ambapo matabaka yana nafasi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye sodiamu. Ioni ya sodiamu ni nene kuliko ya lithiamu, kipenyo chake kinazidi kwa kama theluthi moja, na grafiti ya kawaida karibu huikatalia kabisa. Lakini mwaka 2014 watafiti walitanua grafiti, wakaacha karatasi zikiwa zimepangana bila kuzibandua, nafasi ikatoka nanomita 0.335 hadi 0.43. Sodiamu ikaingia, 280 mAh kwa gramu na kitu. Kwangu mimi hilo lina akili kuliko kubandua: unapanua mlango, nyumba inabaki nyumba. Njia ya bei nafuu zaidi ni kaboni ngumu, yenye vipande vya matabaka vilivyokaa ovyo na vijitundu katikati, ambayo hutengenezwa kwa kuchoma vifuu vya nazi pasipo hewa hadi nyuzi zaidi ya 1,000. Upande wa chanya ni oksidi za matabaka za manganizi, chuma au nikeli, na sodiamu yake inaweza kutoka kwenye magadi. Ndiyo, magadi yale yale ya kulainishia maharagwe, ambayo yamechimbwa Ziwa Magadi, Kajiado, kwa zaidi ya miaka 100. Usikimbilie kununua shamba huko. Magadi ni rahisi kila mahali duniani, na thamani iko kwenye kazi inayofuata. Mwaka 2021 CATL, kampuni ya betri ya China, ilitangaza seli ya sodiamu ya wati-saa 160 kwa kilo. Linganisha na zile 34 za matofali yako.

Kwa hiyo binti aache maksini kwa sasa, na grafini pia. Achukue vifuu kutoka kwa wauza nazi, avichome katika nyuzi joto tatu tofauti, na apime nafasi kati ya matabaka kwa eksirei, kisha aone sodiamu inaingia kiasi gani katika kila moja. Atahitaji kisanduku kilichozibwa, chenye glavu za kuingizia mikono na gesi ya agoni ndani, kwa sababu sodiamu haitaki hewa wala unyevu. Hicho ndicho cha kuulizia idarani mapema, kabla hajaandika hata kichwa cha mradi. Asiishie kwenye jaribio la bamba la sodiamu tupu. Walau seli moja aiunganishe na upande wa chanya halisi, hata kama itafanya vibaya.

Na kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo aandike ukoko umekula asilimia ngapi mara ya kwanza, volti ya wastani ni ngapi, na elektrodi ina miligramu ngapi kwa kila sentimita mraba. Kiwandani grafiti hupakwa miligramu 8 hadi 10. Akiniandikia na elektrodi yake iko chini ya 1, nitamwomba arudi akapake upya.